Tathmini ya mwisho wa mwaka kwa kufuata nafasi zako maishani: unaanzia wapi, unapima nini?

Mdadisi

Wakuu, habari za wakati huu. Nataka kufunga mwaka kwa kujitathmini kwa nafasi ninazobeba badala ya orodha ya malengo. Malengo yangu karibu yote ni ya kazini na ya fedha. Hayagusi mzazi, mwenzi, mtoto wa wazazi wake, rafiki wala jirani. Nimeorodhesha nafasi 11 na naona zimezidi. Ngapi zinatosha? Nipime kwa kitu gani nisiishie kujilaumu au kujisifu? Nijipe alama? Na nafasi mbili zikigongana, tuseme kazi na malezi, naandika wapi?

FundiDaftari

Mkuu, 11 ni nyingi kweli. Baki na 5 hadi 7. Kwa kila nafasi jiulize: upande wa pili yupo mtu ambaye angeona pengo kama ungeiacha? "Mkimbiaji" na "msomaji" ni shughuli. Zikusanye chini ya nafasi moja, "mimi mwenyewe", ambayo ndiyo pekee isiyo na mtu wa pili.

Angalia pia nafasi zinazojificha ndani ya nyingine. Anayemuuguza mzazi huandika "mtoto" kisha akapita, ilhali kumpeleka hospitali, kufuatilia dawa na kukesha naye ni kazi kamili yenye saa zake. Ipe mstari wake. Mwenye mtoto wa miaka 3 na mwingine wa 15 naye aandike mistari miwili: mdogo anahitaji kuogeshwa na kulishwa, mkubwa anahitaji mtu wa kumsikiliza saa 4 usiku, wakati wewe umeshachoka.

Ukishapata orodha, iweke kando kwanza. Kazi inaanza na miezi. Chora mistari 12 kwenye karatasi, Januari hadi Desemba, halafu jaza yaliyotokea kila mwezi kwa kutazama kalenda, picha, ujumbe na miamala ya fedha. Dakika 10 kwa mwezi, jumla saa 2. Ukitegemea kichwa peke yake, Novemba na Desemba zitameza mwaka mzima, maana kumbukumbu huelemea yaliyo karibu na yaliyoumiza au kufurahisha sana. Ugomvi mmoja wa wiki iliyopita unaweza kufuta miezi 8 ya amani na mwenzi wako. Tahadhari moja kwenye picha: uliyotumiwa na mtu mara nyingi hubeba tarehe uliyoipokea, siyo iliyopigwa.

Andika tukio, usiandike sifa. "Nilikuwa mzazi mzuri" haikupeleki popote. "Vikao 4 vya wazazi, nilihudhuria 1" inakuonyesha pa kushika. Mstari mmoja usomeke hivi:

*Mei: mama alilazwa siku 6. Safari ya kikazi wiki 2. Mwenzangu alibaki na nyumba peke yake. Mazoezi yalikatika.*

Hapo ndani kuna nafasi nne tayari. Ukimaliza miezi yote ndipo uirudie orodha yako: kila nafasi ipe rangi yake, upigie mstari maneno yanayoihusu. Nafasi ambayo rangi yake haionekani tangu Juni hadi Oktoba hutahitaji kuitafuta.

Usitoe hukumu siku hiyohiyo. Kukusanya kunachosha, na aliyechoka hujihukumu vibaya kuliko ushahidi unavyosema. Acha siku moja au mbili, kisha ukae tena kwa dakika 90.

Saa168

Naongezea upande wa saa, maana hapo ndipo tathmini nyingi hubaki matamanio matupu. Wiki ina saa 168. Toa 56 za usingizi, zinabaki 112. Kazi 45 na usafiri 10, zinabaki 57. Kupika, usafi, kuoga, kula na mizunguko ya lazima vikichukua 25, una 32 za kugawia nafasi nyingine zote. Weka hesabu yako halisi ya wiki ya kawaida, siyo wiki nzuri kuliko zote.

Kisha kila ukiandika "niwe karibu zaidi na fulani", taja saa hizo zinatoka wapi. Saa 1 kwa wiki ni saa 52 kwa mwaka, kwa hiyo si lazima kiwe kitu kikubwa. Lakini kama hakuna nafasi inayopungua, hakuna inayoongezeka. Hili huwauma watu, kwa sababu kinachopunguzwa nacho mara nyingi ni kizuri: ukatibu wa kikundi, kwaya, ujumbe wa kamati. Kukipunguza si kukidharau.

Kuhusu kugongana: watafiti wawili wa Marekani, Greenhaus na Beutell, mwaka 1985 waliutenganisha mgongano wa kazi na familia katika aina tatu, na mgawanyo huo unasaidia sana kwa sababu kila aina ina dawa yake. Ya kwanza ni ya muda: kikao na mahafali ya mtoto saa ileile. Hii hutatuliwa kwenye ratiba, kwa kuweka tarehe za familia kwenye kalenda kabla ya za kazi kujaa. Ya pili ni ya uchovu na msongo: uko nyumbani, saa zipo, lakini huna kitu cha kutoa. Kuongeza saa hapa hakusaidii. Unahitaji nafasi ya kupumua katikati, hata dakika 15 za kutembea kabla ya kuingia ndani. Ya tatu ni ya tabia: mwenendo unaofaa nafasi moja unaharibu nyingine. Msimamizi aliyezoea kutoa maagizo na kudai majibu mafupi akimhoji mwenzi wake hivyohivyo, nyumba itakuwa na baridi hata akiwepo kila jioni.

Kwa hiyo migongano iandike kwenye karatasi ya pembeni, na mbele ya kila mmoja weka herufi: M, U au T. Kosa la kawaida ni kuziita zote M.

Bi_Subira

Mdadisi, alama ziache. Ukijipa 6 kwa 10 kama mzazi, hiyo 6 haikuambii ufanye nini Jumatatu, tena imetolewa na mtu mmoja ambaye ni mshtakiwa na hakimu kwa pamoja. Mimi natetea maneno matatu tu: *endelea*, *badili*, *punguza*. Kila nafasi ipate moja, na sentensi moja ya sababu kutoka kwenye ile mistari 12.

Kabla ya kuandika neno hilo, waulize walio upande wa pili. Hiki ndicho kipande watu wengi hukiruka, na ndicho chenye thamani kuliko vyote. Maswali mawili yanatosha: "Ni lini mwaka huu ulinihitaji ukanikosa?" na "Kitu gani nilichofanya ungependa nisikiache?" La pili ni muhimu sawasawa na la kwanza. Bila hilo unaweza kukata kitu kidogo ambacho mwenzio alikuwa anakitegemea kimyakimya.

Namna ya kuuliza inabeba nusu ya kazi. Muulize mtu mmoja mmoja, siyo mezani mbele ya wageni wa sikukuu. Mtoto muulize mkiwa mnafanya kitu, mnaosha vyombo au mnatembea, asijione yuko kwenye mahojiano. Mzazi mzee huenda akajibu "hakuna shida, mwanangu" hata kama shida ipo. Kwake uliza kitu mahususi, kama siku ipi ya wiki huwa ndefu kwake. Andika maneno yao kama walivyoyasema. Na usijitetee. Ukisema "lakini siku ile nilikuwa…", mazungumzo yamekwisha, na mwakani utajibiwa "hakuna".

Mdadisi

Asanteni sana. Je, nafasi iliyoisha katikati ya mwaka? Mfano ndoa iliyovunjika, mzazi aliyefariki, kazi iliyokoma. Inaingia kwenye orodha au naiacha?

Bi_Subira

Inaingia, lakini haipewi neno lolote kati ya yale matatu. Ipe ukurasa wake, ujibu: ni shughuli zipi zilikwenda nayo, ni watu gani uliokuwa unakutana nao kwa sababu ya nafasi hiyo na bado unawataka, na saa zake sasa zinaliwa na nini. Anayestaafu, kwa mfano, hupoteza kazi pamoja na watu aliokula nao chakula cha mchana kila siku, na hao wasipotafutwa kwa makusudi hupotea. Kwa msiba wa karibuni, majibu yakikataa kuja, acha ukurasa wazi. Hakuna tarehe ya mwisho.

FundiDaftari

Kwa mwaka unaokuja, chagua nafasi tatu tu za kubadili, na kila moja ipate tendo moja lililofungwa kwenye saa au tukio. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer amelichunguza hili kwa miaka mingi: mpango wenye umbo la "ikitokea hivi, nitafanya hivi" hutekelezwa zaidi kuliko nia peke yake. Badala ya "nitampigia baba mara kwa mara", andika "Ijumaa nikishafunga kompyuta, kabla sijainuka kitini, nampigia baba". Ongeza na mbadala: "Asipopokea, Jumamosi baada ya chai."

Weka tarehe ya kukagua mwishoni mwa Machi. Tendo lililokufa kabla ya hapo mara nyingi lilikuwa kubwa mno au lilifungwa kwenye tukio lisilojirudia. Lipunguze nusu au libadilishie tukio, usilifute. Na ile karatasi ya mistari 12 ianze Januari hii: kila siku ya mwisho ya mwezi, dakika 5, mstari mmoja.