Programu inasema vitunguu vipo kilo 40, kijana akienda stoo anakuta 28. Wadau nisaidieni

Stoo Shangani:
Habari za jioni wadau. Mimi na mwenzangu tuna kabiashara ka kupelekea watu bidhaa za jikoni nyumbani hapa Mtwara mjini, mteja anaagiza kwa WhatsApp au kwenye kaprogramu ketu, tunapaki, boda anapeleka, Shangani, Ligula, Chikongola, na Mikindani zikipatikana oda za kutosha. Oda zipo namshukuru Mungu, shida ni stoo. Stoo yenyewe chumba kimoja na baraza. Programu inasema vitunguu kilo 40 kijana anaenda anakuta 28 na vingine vishaota majani. Jumamosi nimepigia wateja watatu kuomba radhi sababu ya nyanya, mama mmoja mtu mzima wa Ligula akanambia "mwanangu kama huna si useme huna, mie nishabandika sufuria". Nilisikia aibu sana. Mwenzangu anasema vijana wanaiba tufunge kamera. Mi roho inasita, wale vijana nawajua. Tufunge kamera au tununue programu kubwa?

Mzee wa Leja:
Mdogo wangu hela ya kamera irudishe mfukoni kwanza. Mimi nimekaa maghala ya korosho misimu mingi. Kwenye stakabadhi ghalani mzigo unapanda mzani, unaangaliwa ubora, ndo karatasi inaandikwa. Karatasi inafuata mzani. Sasa nakuuliza, gunia la vitunguu likishuka hapo kwako unaandika kilo ngapi, na umezijuaje?

Stoo Shangani:
Shikamoo mzee. Naandika 100, ndo tunavyouziwa.

Mzee wa Leja:
Marahaba. Ushajijibu. Hiyo 100 ni ya mdomoni mwa muuzaji. Halafu kitunguu kinanyauka kila siku kinapoteza maji, maganda yanapukutika, wewe programu yako bado inasoma namba ya siku ya kwanza. Jingine, unanunua kwa gunia na tenga, unauza kwa kilo, na naamini kuna mteja unamuuzia kwa fungu au sado. Vipimo vitatu kwenye leja moja haviwezi kukubaliana hata stoo ilindwe na malaika. Chagua kilo, kila kitu kiingie kwa kilo kitoke kwa kilo, na mzani uwe na stika ya Wakala wa Vipimo. Na uwaangalie vijana wakipima, wanaongeza kimoja cha juu kumfurahisha mteja au la?

Binti Mikindani:
Mi naona kosa ni kuweka mboga stoo kabisaaa. Mchicha, matembele, samaki, hivyo havina stoo ndugu yangu. Mi oda nafunga saa 3 usiku, alfajiri niko sokoni nanunua zilizoagizwa tu na kidogo cha juu, saa 4 asubuhi kapu jeupe. Na kama lazima ulaze kitu basi usilaze ndizi zinazoiva au nyanya mbivu pembeni ya majani, zinatoa hewa inayofanya majani yawe njano upesi, nilitupa mchicha mwezi mzima nikidhani nauziwa wa jana 😅 Nyanya nazo usizitie kwenye friji zikiwa hazijaiva, zinaharibika ladha. Weka kivulini penye upepo, tenga lisipandane na tenga.

Tingo Mstaafu:
Dada mboga sawa, ila vikavu usimdanganye mwenzio. Unga, sukari, mafuta vingi vinapanda gari kutoka Dar. Mei 2024 baada ya kimbunga Hidaya barabara ilikatika kule Somanga, magari yalilala njiani siku kadhaa, wenye stoo tupu walibaki kuangalia wenzao wakiuza. Hesabu ni nyepesi, tuseme unauza madumu 6 ya mafuta kwa siku na mzigo unachukua siku 3 kufika, hapo 18, ongeza akiba ya siku 4 ambayo ni 24, jumla 42. Yakibaki madumu 42 piga simu Dar, usisubiri dumu la mwisho. Msimu wa korosho hela zikianza kutembea hiyo 6 ibadilishe, watu wananunua kama wana harusi. Na viroba vya unga vikae juu ya chaga visiguse sakafu, joto la huku na unyevu wa bahari vitakutia hasara. Kinachowahi kuisha muda kikae mbele.

Fundi Chikongola:
Mkuu na hiyo programu yenu inapunguza stoku saa ngapi, oda ikiingia au boda akishafikisha? Kama ni akishafikisha basi wateja wawili wanauziwa kitu kimoja, ndo simu zako za Jumamosi hizo. Ipunguze pale oda inapokubaliwa, ikifutwa irudishe. Na usifunge duka siku nzima kuhesabu, hesabu vitu vitano kila asubuhi, vinavyotoka sana uvirudie mara nyingi.

Stoo Shangani:
Wadau narudi na majibu baada ya wiki. Gunia jipya tumelipima, kilo 91!! Nikampigia muuzaji akacheka tu. Kisha tukachukua oda 20 za vitunguu kilo moja moja zilizokwisha pakiwa tukazipima upya, badala ya kilo 20 zilikuwa 22 na gramu 300. Mzee wa Leja una macho. Kijana anasema "boss si nyongeza tu, mteja lazima umuachie". Mwenzangu kanyamaza, habari ya kamera haisemi tena. Tumenunua mzani wa pili, na mboga za majani tumeanza mtindo wa Binti Mikindani, oda zinafungwa saa 2.

Yule mama wa Ligula kaagiza tena jana. Kapiga mwenyewe anauliza mbona vitunguu vya safari hii havina nyongeza.

Mzee wa Leja:
Mpe. Ila iandike.