Naomba ushauri: tofali za udongo na saruji zinapasuka (Tabora)

Wakuu habari zenu, na shikamooni mnaostahili.

Sisi ni wanafunzi wa ufundi hapa Tabora. Tunajenga nyumba ya mfano ya vyumba viwili, isiyohitaji feni mchana wala kuni za kuchomea tofali. Hizo kuni ndizo zinatuuma zaidi, maana miombo yetu imeshaliwa vya kutosha na mabani ya kukaushia tumbaku na matanuri ya tofali. Kwa hiyo tumechagua tofali za kufungamana, udongo na saruji, zinazoshindiliwa kwa mashine ya mkono. Kuta ndefu zitatazama kaskazini na kusini ili jua la asubuhi na la jioni lisipige madirishani.

Shida ni udongo wa kiwanja. Tumeupima kwenye chupa ya maji, karibu nusu ni mfinyanzi. Tofali zikikauka zinapasuka katikati, ingawa tunazifunika nailoni kivulini na kuzimwagilia wiki nzima. Tumeongeza mchanga, nyufa zimepungua, ila sasa pembe zinamomonyoka ukizishika. Kuzidisha saruji tunaweza, lakini gharama ikipanda mwananchi wa kawaida hataiga, na lengo letu ni aige.

Kuna aliyechanganya chokaa na saruji kwenye udongo mzito hivi akafanikiwa? Kwa vipimo gani?

Pili, tunataka kutandaza pumba za mpunga juu ya dari kuzuia joto la bati. Mchwa na panya mnawadhibitije?

Mvua za Novemba zinakaribia, hata jibu fupi litatusaidia.