Paneli ya sola ya wati 100 inatoa volti 9.6 tu, naomba ushauri

Wakuu, paneli ni ya silikoni, seli 36, kibandiko kinasema volti 21.6 bila mzigo kwa nyuzi 25. Joto hushusha volti kama asilimia 0.3 kila nyuzi, kwa hiyo seli zikifika nyuzi 65 nategemea volti 19 hivi. Multimita inasoma 9.6, jua la utosi, nyaya zimechomolewa kwenye chaja. Nusu kabisa! Kivuli hakuna, kioo kizima. Nahisi dayodi moja kati ya mbili za kwenye boksi la nyuma (zile za kupitisha umeme pembeni seli zikipata kivuli) imepiga shoti, seli 18 zikapotea.

Kuipima hiyo dayodi lazima niing'oe mguu mmoja, au kufunika paneli kwa blanketi zito isitoe umeme kunatosha? Na nikiweka dayodi mpya ya aina ya Schottky ya ampea 10, volti 45 itahimili, paneli ikiwa na ampea 6?