Eti pampu siyo mja mzito ipelekwe kliniki! Bwana wa funguo, leo umenichefua

Wanajamvi, nimetoka mkutanoni sasa hivi, viatu sijavua, naandika mikono inatetemeka.

Yule bwana wa funguo mnamjua, sina haja ya kumtaja. Shika barabara ya Pangani kutoka Tanga mjini, ukifika kwetu uliza ni nani anayetembea na funguo za nyumba ya pampu kiunoni akizipigisha kelele, hata mbuzi watakuonyesha. Leo kijiji kizima kimekaa, wazee wamekaa, wakwe zangu wamekaa. Nikasimama kwa adabu zangu: "Shikamooni wazee. Naomba kuuliza, daftari la mali za mradi wa maji liko wapi, na pampu ilikaguliwa lini mara ya mwisho?" Akanipandisha akanishusha. Akasema: "Bi mdogo, pampu siyo mja mzito. Unataka iende kliniki ikapimwe?"

Watu wakacheka. Mama mkwe wangu akacheka mpaka ushungi ukamdondoka!

Kliniki! Na pampu yenyewe imeungua, tunachota kisima cha wazi karibu na mikoko, maji ya chumvi ambayo ukipikia chai unaweza kuilia samaki.

Jueni ilivyoungua. Kiangazi maji ya kisima kirefu cha pampu yanashuka. Pampu ya kuzamishwa, mota yake inapozwa na maji yaleyale yanayopita ubavuni mwake. Yakipungua inazunguka kavu, inachemka, inakufa. Ndiyo maana kwenye boksi la kuwashia kuna kinga ya kukata umeme. Kinga ikawa inakata kila mchana. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini inakata. Yeye akairuka na waya! Waya mwekundu, nimeuona kwa macho yangu, umezungushiwa selotepu ya kufungia madaftari ya shule. Kinga ikanyamaza, pampu ikasaga mpaka ikakata roho. Halafu mtu huyohuyo ananiuliza mimi habari za kliniki.

Fundi kaletwa kutoka mjini. Pampu iko mita ngapi chini? Huyu anasema 40, yule anasema 70. Hosipawa ngapi? Kimya. Ilifungwa mwaka gani? "Mwaka ule wa mvua nyingi." Sasa fundi anunue nini? Hilo ndilo daftari nililouliza mimi! Liandikwe kila kitu cha mradi, pampu, tangi, valvu, mabomba: kilifungwa lini, hali yake ikoje, kikifa watu wangapi wanakosa maji, kununua kingine ni shilingi ngapi. Hapo ndipo unajua katika ile 50 tunayolipa kwa ndoo, kiasi gani kiwekwe benki kungoja siku ya pampu mpya. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira, Na. 5 ya mwaka 2019, imevipa vyombo vya jamii vya huduma ya maji, kama hiki chetu, kazi ya kuendesha miradi NA KUITUNZA. Wao wameishia kwenye kuendesha, na wameendesha mpaka shimoni.

Mbele ya wakwe zangu, jamani. Kliniki!

Mchuuzi wa Deep Sea: Dada pole, ila chai imenipalia. Kwani pampu ina miezi mingapi?

Mleta uzi: Cheka tu. Siku ukija kwetu dumu utanunua 500 na utaoga kwa kopo.

Fundi Ngamiani: Mabwana wa funguo wako kila mradi, nimechoka kuwatolea pampu zilizoungua. Mhudumu aandike kila siku saa alizopampu, ampea (umeme ambao mota inavuta), na mita ya maji inasoma ngapi. Saa zikiwa zilezile na maji yanapungua, aidha kisima kimeshuka, au pampu imelika, au bomba linavuja. Unaitoa mapema ukiwa na nafasi. Daftari la buku mbili tu.

Mleta uzi: Umeona! Nilichouliza ndicho hicho, nikajibiwa kliniki.

Babu Makorora: Binti, punguza jazba. Kamati mlichagua wenyewe kwa makofi. Mkisomewa mapato na matumizi mnasinzia, mnaamka soda zikigawiwa.

Mleta uzi: Babu, shikamoo. Yasomwe kwanza ndiyo tusinzie.

Mswahili wa Kaole: Afadhali nyie mna pampu ya kuungua. Sisi huku Bagamoyo valvu chini ya tangi inavuja, wameifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Pameota ukoka, bata wa jirani wamehamia pale na wametotolea palepale. Ukiuliza unaambiwa "valvu imeagizwa". Imeagizwa wapi, Uchina kwa miguu?

Fundi Ngamiani: Uniti moja ya maji, lita 1,000, ni ndoo 50 za lita 20, kwa bei ya 50 kwa ndoo hiyo ni 2,500 inayonywewa na bata. Piga hesabu yako.

Mswahili wa Kaole: Basi wale bata ni wanahisa.

Mama Dumu Sita: Mimi kesi yangu ni huyu kijana wa mkokoteni. Dumu la lita 20 amelibonyeza pande zote mbili, ukipima unapata 17. Nikimwambia anasema ni joto la jua.

Babu Makorora: Huyo namjua! Wangu mimi ananiletea maji yana harufu ya mafuta ya taa.

Mleta uzi: Jamani, turudi kwenye waya mwekundu. Kesho kuna kikao kingine na nakwenda.

Mchuuzi wa Deep Sea: Harufu ya mafuta ya taa? Babu, hebu tupe namba ya mkokoteni.

Mama Dumu Sita: Nimechoka na madumu. Simtanki la lita 1,000 Tanga mjini sasa hivi bei gani?

Duka la Jumla: Njoo PM mama.

Mswahili wa Kaole: Mama, usiende. Huyo aliniuzia lenye ufa chini, akaniambia ni mchirizi wa kiwandani. Nakwenda kumfungulia uzi wake sasa hivi, njooni.