Gharama ya umeme ya mashine ya kukausha hewa kwenye nyumba yenye unyevu

MkaziWaRaskazone

Ndugu zangu, habari za leo. Ninaishi Raskazone, Tanga, katika nyumba ya matofali ya saruji iliyo karibu na bahari. Kila masika yanapoingia, kuvu huota nyuma ya kabati la chumba cha mama yangu, na nguo hunuka uvundo hata kama zilikunjwa zikiwa kavu kabisa. Mama ana pumu, kwa hiyo siwezi kulichukulia jambo hili kuwa kero ndogo. Dukani nimeonyeshwa mashine ya kukausha hewa inayosemekana kukusanya lita 20 kwa siku, na kibandiko chake kinaonyesha wati 300. Umeme wetu ni wa D1, kundi la bei nafuu la nyumba zinazotumia umeme kidogo, na kwa kawaida hatuvuki uniti 60 kwa mwezi. Nikiiwasha saa 12 kila siku, nitalipa kiasi gani kwenye LUKU?

FundiMajokofu

Dada, hesabu ya kwanza ni nyepesi. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja, kwa hiyo wati 300 kwa saa 12 ni uniti 3.6 kwa siku, yaani uniti 108 kwa mwezi. Wauzaji wengi huishia hapo, lakini kwako wewe gharama kubwa imejificha kwenye kundi la bei.

Katika D1 uniti moja ni shilingi 100, na ukiongeza VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya REA (wakala wa nishati vijijini) na asilimia 1 ya EWURA (mamlaka inayodhibiti nishati na maji), inakuwa shilingi 122. Uniti 60 zako, basi, zinakugharimu takriban shilingi 7,300. Ukiongeza uniti 108 utafika 168, nawe utakuwa umevuka kikomo cha uniti 75, ambapo kila uniti ya ziada ni shilingi 350 kabla ya kodi, yaani 427. Mwezi huo utalipa karibu shilingi 48,900. Ukihamishiwa T1, kundi la watumiaji wa kawaida, ambako uniti ni shilingi 292 kabla ya kodi na takriban 356 baada ya kodi, uniti zote 168 zitakuwa karibu shilingi 59,800, kwa sababu hata friji na taa zako zitalipiwa bei hiyo mpya. Kwa hiyo usiulize tu mashine inakula kiasi gani, bali uulize pia itaifanyia nini bili ya vitu ulivyokuwa navyo tangu awali.

Chagua mashine yenye kipimo cha unyevu kinachoizima yenyewe, uiweke kwenye asilimia 60, na ufunge madirisha na mlango wa chumba hicho inapofanya kazi. Hewa ya nje wakati wa masika ina unyevu mwingi, na dirisha likiwa wazi kompresa haitapumzika kamwe.

MtanzaniaLeicester

Naomba niongeze jambo moja, kwa kuwa huku Uingereza mashine hizi ziko katika nyumba nyingi na ushauri mwingi ulioko mtandaoni umeandikwa kwa ajili ya huku. Wakati wa baridi tunaambiwa tufungue madirisha kwa dakika chache, kwa sababu hewa ya nje, ikishaingia ndani na kupashwa joto, huwa kavu. Masika ya Tanga hayako hivyo. Vilevile sisi tunafurahia joto linalotoka kwenye mashine, kwa kuwa linatupunguzia gharama ya kupasha nyumba.

FundiMajokofu

Umenikumbusha jambo ambalo nilipaswa kulitanguliza, hasa kwa mgonjwa wa pumu. Mvuke unapogeuka kuwa maji hutoa joto, takriban uniti 0.68 kwa kila lita. Mashine ikikusanya lita 10 katika saa hizo 12, joto hilo pamoja na umeme wake wenyewe ni zaidi ya uniti 10, na lote linabaki chumbani, karibu sawa na kuacha pasi ikiwaka humo muda wote. Mama asilale chumbani mashine ikifanya kazi. Iwashwe mchana, naye akae sebuleni au barazani. Kama nyumba ina kiyoyozi, kijaribuni kwanza katika hali ya kukausha, ile yenye alama ya tone la maji. Kinakula umeme mwingi zaidi kwa saa, lakini joto lake hulitupa nje.

MjenziPwani

Kabla ya kununua chochote, ni lazima tujue maji yanatoka wapi. Je, plasta inabanduka sehemu ya chini ya ukuta, mpaka kimo cha mita moja hivi, na kuna unga mweupe wa chumvi? Kama ndivyo, maji yanapanda kutoka ardhini, pengine kwa sababu msingi haukuwekewa DPC (tabaka la kuzuia unyevu usipande ukutani) au ardhi ya nje imejazwa mpaka ikaipita. Hapo mashine itakuwa inanyonya maji yasiyokwisha, na kadiri ukuta unavyokaushwa upande wa ndani ndivyo chumvi inavyozidi kutoka na kuharibu plasta. Bandika kipande cha nailoni ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne na ukiache kwa siku mbili. Unyevu ukiwa upande wa ukutani, tatizo ni la ukuta. Ukiwa upande wa chumbani, tatizo ni la hewa, na mashine itakufaa.

MkaziWaRaskazone

Nawashukuru sana. Plasta ya chini ni nzima na chumvi sijaiona. Kuvu iko juu, nyuma ya kabati tu.

MjenziPwani

Basi sogeza kabati liachane na ukuta kwa upana wa kiganja, na uhakikishe kwamba ukuta huo haumwagiwi maji ya paa kwa nje.

FundiMajokofu

Kisha azima mashine kwa siku moja kabla ya kununua. Soma uniti zilizobaki kwenye mita, zima vitu vingine vyote isipokuwa mashine kwa saa mbili, usome tena. Pima pia maji yaliyomo tangini kwa chupa ya lita. Ikitumia chini ya nusu uniti kwa kila lita, kwa joto la pwani hiyo ni mashine nzuri.