Ushauri: Hisa za kampuni ya umeme wa upepo wa baharini, tuangalie nini?

Mgebuka
Wakuu, salaam kutoka Mwanga, Kigoma. Kikundi chetu cha watu 12 kinafikiria kuweka sehemu ya akiba kwenye hisa za Ørsted ya Denmark, wanaojenga mitambo ya upepo baharini. Bei yake imeporomoka sana tangu 2021, wengine wanasema ndiyo nafasi. Kampuni ya aina hii inapimwaje? Na biashara hiyo inaweza kufika Ziwa Tanganyika?

Kinu cha Ujiji
Mkuu, bei kuporomoka pekee si sababu ya kununua. Ulizeni bei ya kuuza umeme ilifungwa lini, na bei ya vyuma, meli na mkopo ilifungwa lini. Kampuni hizi huumia hapo katikati, maana hushinda leo mnada wa kuiuzia serikali au gridi umeme kwa bei maalumu, na kujenga miaka kadhaa baadaye.

Pigeni hesabu ya mfano. Mradi wa megawati 1,000 ukizalisha asilimia 45 ya uwezo wake hutoa megawati-saa 3,942,000 kwa mwaka. Pauni 10 zaidi kwa kila megawati-saa ni pauni milioni 39.4. Lakini kwa mkopo wa pauni bilioni 2, riba ikipanda kwa pointi 2 tu (mfano kutoka asilimia 4 hadi 6), pauni milioni 40 kwa mwaka zimekwenda! Nyongeza yote imemezwa.

Ndiyo maana Novemba 2023 Ørsted ilifuta miradi yake ya Ocean Wind 1 na 2 kule New Jersey, Marekani. Septemba ya mwaka huohuo mnada wa Uingereza haukupata hata mradi mmoja wa upepo wa baharini, kwa kuwa ukomo wa bei ulikuwa pauni 44 kwa megawati-saa (kwa thamani ya pauni ya 2012). Ukapandishwa hadi 73, wajenzi wakarudi.

Reli ya Kati
Naongezea siasa. Agosti 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha Revolution Wind, mradi mwingine wa Ørsted, ujenzi ukiwa umefika kama asilimia 80. Mahakama iliruhusu kazi iendelee Septemba, lakini meli ya ujenzi hulipiwa hata ikikaa bure.

Mwaka huohuo Ørsted iliuza hisa mpya za kroni bilioni 60. Asiyechukua fungu lake, umiliki wake ulipungua. Gawio nalo (faida wanayogawiwa wenye hisa) lilisitishwa kwa miaka ya hesabu 2023 hadi 2025. Kwa hiyo kikundi kinachotegemea gawio, au kisicho na akiba ya pili ya kununua hisa za nyongeza, kisiingie. Na kabla ya yote, waulizeni benki yenu kanuni za Benki Kuu (BoT) zinasemaje kuhusu kupeleka fedha kununua hisa nje.

Mgebuka
Nimeelewa, ahsanteni. Na ziwani?

Kinu cha Ujiji
Kwa sasa sioni njia. Nguzo za kusimikwa chini hujengwa kwenye kina kisichozidi mita 60 hivi. Tanganyika inafika mita 1,470. Ipo mitambo inayoelea, kama Hywind ya Scotland ya 2017 yenye mitambo 5 na megawati 30, ila ni ghali zaidi. Tena upepo wa mita 9 kwa sekunde una nguvu mara 3.4 ya ule wa mita 6, kwa hiyo lazima upimwe mwaka mzima kwanza.

Reli ya Kati
Na bawa moja la mitambo mikubwa ya sasa lina zaidi ya mita 100. Litafikaje Kigoma? Kwa reli halikati kona, na meli za kusimika haziwezi kuingia ziwani kutoka baharini. Mradi wa umeme wa maji wa mto Malagarasi, hukohuko Kigoma, wenyewe ni megawati 49.5, na huo hauhitaji meli.