Tupeane uzoefu: bastola yako ya kwanza ya shabaha uliichaguaje?

Wakuu, salaam. Niko Texas, grinikadi ninayo, na kila Jumamosi naenda kupiga shabaha. Nimenogewa kweli. Ila nilianza vibaya: nilinunua bastola ndogo ya milimita 9, ya kuingia mfukoni, nikidhani ndogo ndiyo rahisi kuimudu. Kumbe ndogo ndiyo yenye teke kali (ule mrusho wa kurudi nyuma ukifyatua), haina uzito wa kulipunguza. Kidole cha mwisho kinaning'inia hewani, risasi zote zinatua chini kushoto. Nyie wenzangu mlichaguaje?

Mdau wa Ohio:
Pole mkuu. Chini kushoto kwa anayetumia mkono wa kulia, mara nyingi ni woga wa teke. Mwalimu wangu alinionyesha kwa revolva: alitia risasi tatu kwenye matundu sita, akazungusha silinda nisione. Nilipofika kwenye tundu tupu, mlio haukuwepo lakini mdomo wa mtutu ulizama wenyewe. Niliona aibu, nikaelewa. Nikahamia bastola ya risasi ndogo ya .22, Ruger Mark IV. Teke dogo, risasi bei nafuu, unapiga mia bila mkono kuchoka. Hata Olimpiki, shindano la bastola la mita 25 hutumia .22. Mark III, iliyoitangulia, ilikuwa kazi kuifungua kusafisha. Hii Mark IV, iliyotoka 2016, ni kitufe kimoja tu nyuma.

Dada wa Minnesota:
Usinunue kabla ya kukodi. Mimi mikono yangu ni midogo, muuzaji akanisukumia moja "ya kina mama", kitako kinene. Hakikisha haina risasi, ishike: ncha ya kidole cha shahada ifike kwenye kifyatulio bila kuugeuza mkono. Na kidole gumba kisikae nyuma ya slaidi (kipande cha juu kinachorudi nyuma kwa kasi ukifyatua), alama ninayo mpaka leo. Jamani, wenye viza ya masomo msinunue kwa kuiga: sheria ya Marekani inawakataza, misamaha ni michache.

Mdau wa Kiambu:
Huku Kenya cheti cha silaha kwanza, kwa hiyo hakuna kubahatisha. Nikisimama kulenga, macho yangu yako kwenye kilengeo cha mbele, ile alama ndogo mwishoni mwa mtutu. Karatasi ya shabaha iache iwe ukungu.

Mwenye uzi:
Asanteni sana. Jana nimekodi .22, mita 7. Matundu manne yamekaa ndani ya kiganja, moja tu limekimbilia kushoto. Ila kilengeo cha mbele nakiona kwa miwani ya kusomea peke yake. Nani mwenye macho kama yangu, anafanyaje?